Börek ya Uturuki: kilichomo ndani ya kipande kimoja

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na Kongo wanaofuata nguo, viatu na mapazia katika mitaa ya Laleli, Merter na Osmanbey jijini Istanbul hukutana na börek kabla hawajakutana na muuzaji wa kwanza. Asubuhi mapema, maduka ya nguo yakiwa bado yamefungwa, duka la börek limeshawasha tanuri na sinia ya kwanza iko kwenye meza. Kwa pesa kidogo mtu hupata kipande cha moto kinachomfikisha mchana au hata alasiri, naye hutoka kwenda kuzunguka ghorofa za maduka bila kufikiria tena habari ya chakula. Wapo wanaokula hivyo kila siku kwa safari nzima ya siku saba au kumi. Madereva wa malori wanaotoka Istanbul kuelekea Kapıkule, mpaka wa Uturuki na Bulgaria ulio umbali wa kama kilomita 250, nao hula chakula hicho hicho katika vituo vya barabarani.

Kwa mtu mzima asiye na maradhi, börek ni kifungua kinywa kizuri chenye nguvu nyingi. Kwa mwenye presha au kisukari, au anayekaa kwenye usukani saa tisa kwa siku, hesabu hubadilika. Kinachoibadilisha ni uzito wa kipande zaidi ya kitu kingine chochote. Mafuta yaliyotumika na kilichojazwa ndani hufuata. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo kwa tarakimu ambazo msomaji anaweza kuzifanya mwenyewe akiwa mbele ya mizani ya muuzaji.

Yufka na namna inavyopikwa

Msingi wa börek ni yufka, yaani donge la unga wa ngano, maji na chumvi, lisilo na hamira, linalosukumwa kwa kijiti chembamba kirefu hadi liwe duara kubwa na jepesi kama kitambaa. Msomaji wa pwani afikirie manda za sambusa, ila duara moja la yufka laweza kufunika sinia nzima na kubaki. Yufka hupangwa tabaka juu ya tabaka, na katikati hupakwa mchanganyiko wa mafuta au siagi pamoja na maziwa au mtindi na mayai, kisha hujazwa jibini, nyama ya kusaga, spinachi au viazi. Baada ya hapo sinia huingia tanurini. Duka la börek huuza kwa kilo au kwa kipimo cha sahani moja kinachoitwa porsiyon, na muuzaji hukikatakata kipande kwa kisu kipana mbele ya mteja.

Majina ni mengi na yanachanganya wageni. Kol böreği ni ile iliyoviringishwa ndefu kama mkono. Gül böreği huzungushwa kama ua la waridi. Sigara böreği ni vijiti vidogo vyenye jibini vinavyokaangwa katika mafuta mengi, na siku hizi baadhi ya watu huviita kalem böreği, yaani börek ya kalamu, ili kuepuka jina la sigara. Çiğ börek, ambayo sifa yake iko katika mji wa Eskişehir, ililetwa na Watatari wa Krimea: nyama mbichi ya kusaga huwekwa ndani ya unga uliokunjwa nusu duara na vyote viwili huivia pamoja ndani ya mafuta. Katika zote, hii ndiyo inayokaribia zaidi sambusa ya nyumbani.

Su böreği inastahili maelezo ya peke yake, maana ndiyo inayopendwa sana na ndiyo inayodanganya kwa uzito. Jina lake lina maana ya börek ya maji. Unga wake huwekwa mayai, kisha kila karatasi huchemshwa kidogo kama tambi, hutiwa katika maji baridi, hukamuliwa, ndipo hupangwa kwa siagi, jibini na kotimiri ya Kizungu. Kwa kuwa karatasi hizo zimenyonya maji, gramu 100 za su böreği huwa na nguvu pungufu kuliko gramu 100 za börek kavu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ni nzito, laini na hupita kooni bila kutafunwa sana, mtu huagiza gramu 300 na kuzimaliza. Faida yote ya maji huishia hapo.

Hesabu ya sinia moja

Hakuna börek mbili zinazolingana, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuanza na vitu vinavyoingia. Tuchukue sinia ya nyumbani ya börek ya jibini: nusu kilo ya yufka, ambayo ndani yake mna unga mkavu wa kama gramu 350, jibini nyeupe gramu 300, mafuta ya alizeti gramu 100, mayai mawili, na maziwa robo lita kasoro kidogo, yaani mililita 200.

Unga huo hutoa karibu kalori 1,270. Jibini hutoa karibu 800, mafuta 880, mayai 140 na maziwa 120. Jumla ni kalori 3,200 au zaidi kidogo. Sinia hiyo ikikatwa vipande sita, na maji kiasi yakiwa yamekauka tanurini, kila kipande kitakuwa na uzito wa kama gramu 180 na kalori zisizopungua 530. Ndani ya kipande hicho mna protini gramu 16, mafuta gramu 30 na wanga gramu 48. Nyuzinyuzi hazifiki gramu 2, kwa sababu unga ni mweupe.

Kwa mlinganisho, chapati moja iliyotengenezwa kwa gramu 70 za unga na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ina kama kalori 370. Kipande kimoja cha börek ya jibini basi ni sawa na chapati moja na nusu kwa nguvu, ila kina protini zaidi kutokana na jibini na mayai. Mtu anayekula chapati mbili kavu na chai hapati protini hiyo, na hapa börek inashinda waziwazi.

Kwa makadirio ya haraka, msomaji akumbuke kuwa gramu 100 za börek ya jibini ya tanuri ni kama kalori 300. Akipimiwa gramu 250, kama inavyotokea mara nyingi kwa mteja mwenye njaa, amekula kalori 750. Mwanamume anayeendesha gari siku nzima, ambaye mwili wake haufanyi kazi nzito, huhitaji kwa kawaida kalori kati ya 2,200 na 2,500 kwa siku. Kipande hicho kimoja kimeshachukua karibu theluthi yake kabla ya saa tatu asubuhi. Mwenzake anayebeba mabunda ya nguo kupanda na kushuka ngazi za Laleli huhitaji zaidi, na kwake börek hiyo hiyo ni mafuta ya injini yanayoungua yote.

Mafuta ndiyo yanayopandisha hesabu

Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa 9. Katika kipande kilichoelezwa hapo juu, nusu ya nguvu yote inatoka kwenye mafuta, ingawa kwa macho kinaonekana ni unga mtupu. Ndiyo maana vidole hung'aa baada ya kukila.

Aina ya mafuta ina uzito wake. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yale yanayoganda, yaani ya siagi, jibini na nyama, yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi. Kipande cha gramu 180 kilichopikwa kwa mafuta ya alizeti kina gramu 10 au 11 za mafuta hayo, nyingi zikiwa zimetoka kwenye jibini. Kikipikwa kwa siagi badala ya alizeti, hufika gramu 17. Siagi ina ladha nzuri zaidi, hilo halina ubishi, na maduka yenye jina hujisifu kwa kuitumia. Tereyağı ndilo neno lake kwenye ubao wa bei. Mwenye tatizo la moyo au aliyeambiwa na daktari kuwa mafuta kwenye damu yamezidi, aulize kwanza.

Aina ya tatu ni majarini ngumu za kiwandani, ambazo hutumika zaidi katika zile börek za unga unaochambuka sana, kama talaş böreği. Miaka ya nyuma majarini za namna hiyo zilikuwa na mafuta yaliyogeuzwa kiwandani, ambayo ndiyo mabaya kuliko yote kwa mishipa ya moyo. Kanuni za chakula za Uturuki sasa zinaweka kikomo cha gramu 2 za mafuta hayo katika kila gramu 100 za mafuta, kwa hiyo hali ni nafuu kuliko zamani, ingawa majarini bado ina mafuta mengi yanayoganda.

Za kukaangwa hazina hesabu rahisi, kwa sababu mafuta yanayonyonywa hutegemea joto la karai. Mafuta yasipopata moto wa kutosha, unga hunyonya mengi. Sigara böreği moja ndogo huwa na kalori 80 hadi 100, na kwa kuwa huletwa tano au sita kwenye sahani, ni rahisi kufika kalori 500 kabla chakula chenyewe hakijaletwa.

Kilichojazwa ndani

Jibini nyeupe, beyaz peynir, ndiyo ya kawaida. Pamoja na protini, inaleta madini ya kalisiamu: kipande cha gramu 180 kina karibu miligramu 290, wakati mtu mzima huhitaji kama 1,000 kwa siku. Wengi wa wasomaji wetu wanaosumbuliwa na tumbo wakinywa maziwa freshi hawana haja ya kuiogopa sana jibini hii, kwa kuwa sukari ya maziwa huondoka kwa sehemu kubwa inapokamuliwa na kukaa kwenye maji ya chumvi. Kiasi kidogo cha maziwa kilichopakwa kati ya tabaka nacho hugawanyika kwa vipande vyote, hivyo kwa watu wengi hakileti shida.

Nyama ya kusaga, kıyma, haipunguzi kalori kama wengi wanavyodhani. Gramu 300 za nyama ya ng'ombe yenye mafuta ya asilimia 20 zina kalori kama 760, karibu sawa na jibini. Tofauti ni kwamba nyama huleta madini ya chuma yanayofyonzwa vizuri na mwili pamoja na vitamini B12, lakini kalisiamu karibu haipo. Kwa ujumla nyama inayotumika katika maduka haya ni ya ng'ombe au kondoo, na nguruwe si chakula cha kawaida nchini Uturuki.

Spinachi ndiyo inayoleta unafuu. Sinia ikiwekwa spinachi gramu 400 na jibini gramu 100 tu, nguvu ya kila kipande hushuka hadi kalori 460 hivi, na kipande chenyewe huwa kikubwa zaidi. Nyuzinyuzi huongezeka kufika gramu 3, na folati, vitamini inayohitajiwa sana na mama mjamzito, huongezeka pia, ingawa sehemu yake hupotea kwenye moto. Sifa ya spinachi ya kuongeza damu imekuzwa mno. Chuma chake hufyonzwa kidogo, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na börek hukipunguza tena. Anayetaka kufaidika nacho anywe maji ya machungwa wakati wa kula na chai aisogeze mbele saa moja.

Viazi ndiyo bei ndogo zaidi. Kwa nusu kilo ya viazi vilivyochemshwa badala ya jibini, kipande hubaki na kalori 475, mafuta hushuka hadi gramu 20, lakini protini hushuka pia hadi gramu 11. Ni wanga ndani ya wanga. Kinashibisha haraka na njaa hurudi mapema kuliko kwa kile cha jibini.

Kuna pia kürt böreği, ambayo haina kitu ndani. Ni tabaka za unga na mafuta, hukatwa na kunyunyiziwa sukari ya unga juu. Utamu wake haukanushiki, ila kwa upande wa lishe ni mafuta, wanga na sukari. Laz böreği ya ukanda wa Bahari Nyeusi, licha ya jina, ni kitinda mlo kilichojazwa kastadi na kumwagiwa shira. Mgonjwa wa kisukari aliyeagiza akidhani ni börek ya jibini atashtuka kwenye kijiko cha kwanza, na ni heri ashtuke hapo kuliko baadaye.

Chumvi, na watu wa presha

Sehemu hii ndiyo wafanyabiashara wenye umri wa makamo wanapaswa kuisoma mara mbili. Jibini nyeupe huhifadhiwa kwenye maji ya chumvi, na gramu 100 zake huwa na chumvi kama gramu 2 na nusu. Yufka nayo ina chumvi yake. Ukijumlisha, kipande kimoja cha gramu 180 kinabeba chumvi ya gramu 2 au zaidi kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku nzima, kiasi kinachokaribia kijiko kimoja cha chai.

Kisha kuna kinywaji. Waturuki wengi hunywa ayran pamoja na börek, ambayo ni mtindi uliokorogwa na maji na chumvi. Ni kinywaji kizuri chenye protini na kalisiamu, na kwenye joto la kiangazi hakina mpinzani, lakini glasi moja huongeza chumvi ya gramu moja hivi na wakati mwingine zaidi. Kipande kikubwa cha gramu 250, ayran moja na zeituni chache pembeni, na mtu amefikia kiwango cha siku kabla ya kuanza kazi. Akila tena kebab na achari jioni, amekipita mbali. Dawa za presha hufanya kazi vibaya mtu anapokula chumvi namna hii kwa wiki nzima, na kichwa kinachogonga siku ya nne ya safari huenda hakitokani na uchovu peke yake. Anayesafiri na vidonge vya presha abebe na kipimo kidogo cha mkononi kama anacho.

Njia rahisi ya kupunguza ni kuagiza nusu, yarım porsiyon, na kuongeza nyanya na matango, ambayo hupatikana karibu kila mahali wanapouza kifungua kinywa. Börek ya lor, jibini laini isiyokaa kwenye maji ya chumvi, huwa na chumvi pungufu pale inapopatikana, mradi mpishi hakuiongeza kwa mkono. Ya viazi au spinachi pia mara nyingi huwa na chumvi kidogo kuliko ya jibini tupu.

Wakati wa Ramadhani börek huliwa sana daku, kwa sababu inakaa tumboni. Mtu achague ya viazi au spinachi, kwani ile ya jibini kali humletea kiu kufikia adhuhuri, na katika miaka ambayo Ramadhani huangukia kiangazi, mchana wa Istanbul ni mrefu kuliko wa Dar es Salaam kwa saa kadhaa.

Kisukari na usukani

Wanga wa gramu 48 katika kipande kimoja si mwingi wa kutisha. Ni kama wa chapati moja. Tatizo kwa mwenye kisukari liko sehemu mbili. Kwanza ni chai. Chai ya Kituruki huletwa katika glasi ndogo pamoja na vipande viwili vya sukari, na ukarimu wa madukani ni kwamba kila muuzaji wa jumla atakuagizia glasi moja mnapojadili bei. Glasi sita kwa siku, kila moja ikiwa na vipande viwili, ni sukari ya kama gramu 30. Hakuna anayeudhika mgeni akinywa bila sukari.

Pili, mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni. Sukari ya damu haipandi mara moja kama baada ya mkate mtupu. Hupanda taratibu na kukaa juu kwa muda mrefu. Anayejipima saa moja baada ya kula börek anaweza kuona namba nzuri na kujidanganya, wakati kilele chake kinakuja baadaye. Kwa upande mwingine, anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari hapaswi kula börek saa moja asubuhi na kuitegemea imfikishe usiku. Sukari ikishuka wakati mtu yuko barabarani, jasho, mikono kutetemeka na macho kuona giza huja haraka, na lori la tani 20 halimsubiri dereva apate nafuu. Kipande cha nusu asubuhi na kingine mchana ni bora kuliko kimoja kikubwa, na kitu chenye sukari ya haraka kiwepo ndani ya gari wakati wote.

Hata kwa dereva mzima, mlo mzito wa mafuta huleta usingizi. Wenye uzoefu wa safari ndefu hula kidogo kabla ya kuondoka na kuacha mlo mkubwa kwa ajili ya mapumziko. Börek ya gramu 250 na chai tatu saa kumi na moja alfajiri, kisha barabara iliyonyooka ya Thrace mbele, ni mchanganyiko unaotafuta ajali.

Kubeba njiani na kuvuka mpaka

Börek hubebwa kirahisi na hilo ndilo linalowaponza watu. Iliyojazwa nyama au jibini haipaswi kukaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na ndani ya chumba cha dereva wakati wa kiangazi ni pungufu ya hapo. Vijidudu huzaliana upesi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Iliyonunuliwa asubuhi na kuliwa saa tisa alasiri ikiwa imefungwa kwenye karatasi juu ya dashibodi inaweza kumlaza dereva siku mbili. Ya viazi nayo si salama kwa muda wote huo. Kama hakuna friji ya gari, kinunuliwe kinacholiwa papo hapo.

Mpakani kuna sheria nyingine. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri anayetoka nchi zisizo wanachama, Uturuki ikiwemo, kuingia na nyama au maziwa na bidhaa zake, na börek ya nyama iko ndani ya katazo hilo. Anayevuka Kapıkule kwenda Bulgaria au İpsala kwenda Ugiriki amalize chakula chake kabla ya geti, hata kile cha jibini, kuliko kubishana na maofisa wa forodha juu ya kipande cha gramu 100 huku foleni ya malori ikisubiri nyuma.

Ng'ambo ya mpaka atakuta ndugu zake, maana chakula hiki kilisambaa pamoja na dola ya Uthmaniya. Bulgaria wana banitsa, yenye mayai na jibini nyeupe, na hesabu yake inakaribiana na ile ya sinia yetu. Thessaloniki wana bougatsa, ambayo ya krimu hunyunyiziwa sukari na mdalasini, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari aombe ya jibini. Waalbania huiita byrek. Dereva akifika Bosnia na kuomba burek, ataletewa ya nyama tu. Ya jibini huko ni sirnica, ya spinachi zeljanica, na ya viazi krompiruša, na wenyeji hawapendi mtu akizichanganya.

Kusoma lebo ya paketi

Wapo wafanyabiashara wanaoangalia börek na yufka zilizogandishwa kama bidhaa ya kupeleka nyumbani au kuuzia mahoteli. Maelezo ya lishe kwenye paketi za Kituruki hutolewa kwa gramu 100, na maneno ya kutafuta ni haya: enerji ni nguvu, yağ ni mafuta, doymuş yağ ni mafuta yanayoganda, karbonhidrat ni wanga, şekerler ni sukari, lif ni nyuzinyuzi na tuz ni chumvi. Lebo ikiandika sodyum badala ya tuz, zidisha namba hiyo kwa 2.5 kupata chumvi. Nguvu huandikwa kwa vipimo viwili, kJ na kcal, na ile kubwa isimtishe mtu; inayolingana na kalori za makala haya ni kcal.

Angalia pia kama paketi inataja börek ikiwa mbichi au baada ya kupikwa. Ile ya kukaangwa nyumbani itaongezeka mafuta ambayo lebo haikuyahesabu. Dondurulmuş maana yake imegandishwa, na bidhaa hizo zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri safari nzima. Son tüketim tarihi ni tarehe ambayo baada yake chakula kisiliwe kabisa, wakati tavsiye edilen tüketim tarihi ni tarehe ambayo ubora unaanza kushuka. Kontena lililokaa bandarini bila umeme siku mbili likagandishwa upya, tarehe zote hizo hazina maana tena. Vipande vilivyoshikamana na barafu iliyojaa ndani ya mfuko ndiyo dalili ya kwanza ya kukataa mzigo.